Ubao wa Vishale Kwenye Ukuta wa Mama Mkwe

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu ni Jumapili moja ya masika, nimesimama sebuleni kwangu Mpanda na nyundo mkononi, na msumari ninaougonga umeacha kubisha. Mpaka hapo ulikuwa unaingia kwa ugomvi. Kila pigo ulisogea kidogo na udongo ukamwagika kidogo. Halafu pigo moja ukaingia wenyewe, laini, kama mtu aliyekaribishwa ndani. Na upande wa pili wa ukuta, ambako mama mkwe wangu alikuwa anachambua maharage, ile sauti ya punje kuangukia kwenye sufuria ikakoma.

Nilibaki nimeinua nyundo. Nikasubiri punje zianze tena. Hazikuanza.

Nakuandikia haya, mjukuu wangu, kwa sababu nimesikia umehamia kwenye nyumba yako mwenyewe, na kwamba kitu cha kwanza ulichonunua, kabla hata ya pazia, ni nyundo. Sikulaumu. Na mimi nilianza hivyohivyo. Kaa nikusimulie, wala usinihimize, maana habari hii hadi leo nikifika katikati inanibana kifua.

Kabla ya kujenga nilikuwa nimepanga chumba karibu na stesheni. Mwenye nyumba alikuwa mtu mwema kwa kila jambo isipokuwa kuta zake. Ukitaka kutundika shati, tundika kwenye kiti. Ukitaka kutundika kalenda, ilaze mezani uisome kama gazeti. Kila alipokuja kuchukua kodi alipitisha kiganja ukutani taratibu, kama daktari anayetafuta homa. Miaka ile yote sikuota gari wala redio. Niliota kugonga msumari mahali ninapotaka mimi, kwa kelele ninazotaka mimi, bila kumwomba mtu ruhusa.

Kazi yangu ilikuwa kununua asali na nta kwa warina asali wa porini na kuzipakia kwenye treni ya Kaliua. Nilikuwa mtu wa kubishana bei. Debe la asali nililipima mara mbili, chenji nikaihesabu mara mbili, na mara ya tatu nikiwa njiani. Nyumba niliijenga kwa tabia hiyohiyo. Kuta za nje fundi alizijenga inavyopasa. Ukuta wa ndani, unaotenga sebule na chumba cha uani, nilimwambia asimamishe matofali kwa ubavu, yale ya udongo yasiyochomwa, ili yabaki mengine ya kujengea jiko. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba ukuta wa ndani haunyeshewi. Jibu lile nililipenda sana wakati ule.

Chumba hicho cha uani kilikuwa na mlango wake unaofungukia nje, si sebuleni, na hilo nililifanya kwa makusudi. Mke wangu Modesta alikuwa Mpimbwe, mimi Mkonongo. Tulitofautiana kwa mengi, hata namna ya kusonga ugali, lakini kwa heshima ya ukwe tulilingana. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawaitani majina. Mkikutana njiani wewe unapinda mapema, naye anavuta kitenge usoni. Chumba anacholala hukanyagi. Hata kingekuwa kinaungua ungeita mtu mwingine aingie. Siku hizi naona vijana wanapiga picha wamemkumbatia mama mkwe begani, nami sisemi neno. Nakueleza ilivyokuwa kwetu ili uelewe nilivyobanwa.

Maana chumba kile siku ile kilikuwa na mtu. Modesta alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Mimba iliyotangulia ilikuwa imetuharibikia, na tangu hapo tulikuwa watu wa kutembea kwa vidole ndani ya nyumba yetu wenyewe. Hata nguo za mtoto hatukununua. Basi mama yake akaja kutoka kwao Mpimbwe kwa lori, na unga wake na kuku wake, amsimamie mwanawe mpaka ajifungue. Mama yule alikuwa amepokea watoto wengi kijijini kwao. Siku aliyoshuka, Modesta alilala usingizi wa maana ambao sikuwa nimeuona kwa wiki nyingi. Na mimi nililala. Ungeniuliza wakati ule ni kitu gani ndani ya nyumba ile nisingekubali kipotee kwa bei yoyote, ningekwambia ni yule mama kwenye chumba cha uani.

Sasa sikia nilichofanya.

Shabani, karani wa stesheni, alikuwa na ubao wa vishale. Ulikuwa wa klabu ya zamani ya wazungu wa mgodini, mviringo, umechakaa katikati kwa kuchomwa, namba zake za waya zimezunguka pembeni, na vishale vyake vyenye manyoya. Sidhani kama Mpanda nzima ulikuwepo mwingine. Alitaja bei, nikacheka. Nikataja yangu, akacheka yeye. Tukachekana hivyo wiki mbili, mpaka akakubali kibuyu cha asali na sharti moja, kwamba yeye na wenzake wa reli wawe wanakuja kucheza kwangu. Nikaona nimempunja. Mtu anakupa ubao halafu anakuletea na watu wa kuusifia.

Tatizo likawa msumari. Miaka ile ukiingia dukani ungekuta rafu na muuzaji, basi. Misumari mifupi haikuwepo. Niliokuwa nao ni mmoja wa inchi sita, uliobaki wakati wa kupigilia kenchi za paa, umekaa kwenye kopo ukinisubiri. Ukuta nao niliuchagua kwa akili nyingi. Wa mbele una dirisha, wa kushoto una mlango, wa kulia una dirisha la uani, na jua la jioni linampiga mrushaji machoni. Ukabaki ule wa chumba cha uani. Nikapima kimo cha ubao. Nikapima mahali pa kusimama, nikachora mstari wa mkaa sakafuni, nikaufuta, nikapima tena. Nilipima kila kitu, mwanangu, isipokuwa unene wa ukuta.

Modesta alikuwa kwenye misa. Nikasema nimshangaze.

Basi nimesimama pale, nyundo juu, punje zimekoma. Nikatoka polepole mpaka uani kwa upande wa jiko, nikachukua tofali moja lililobaki, nikapima ubavu wake kwa vidole. Nikarudi nikapima msumari uliobaki nje. Nikatoa, nikajumlisha. Nikarudia, nikitumaini safari hii nimekosea hesabu. Sikukosea. Ncha ya msumari ilikuwa chumbani kwa mama mkwe, na kwa kimo nilichokipima kwa uangalifu wote ule, ilikuwa imetokea juu ya kitanda.

Nikafikiria kuung'oa, nikaliona balaa la pili. Msumari ukitoka unaacha tundu. Tundu la kutazamia chumba cha mama mkwe kutoka sebuleni kwa mkwewe. Msumari ni aibu, nikawaza, lakini tundu ni kesi ya kuitiwa wazee.

Kuingia kuangalia siwezi. Kumwita siwezi, maana simwiti. Lakini neno lilikuwepo, mwanangu, na hili ndilo linalonibana. "Mama, pole, nimekosea." Ukuta ulikuwa mwembamba, hata ningenong'ona angenisikia. Nikasafisha koo. Halafu nikajiambia huenda hakuona. Huenda maharage yameisha tu. Nikaanza kubishana bei na nafsi yangu, nikapunguza, nikapunguza, mpaka nikafika kwenye bei ya bure kabisa, yaani nisiseme chochote. Nikachukua ubao nikautundika juu ya ule msumari, kwangu ukafunikwa.

Modesta akarudi kutoka kanisani. Akautazama ubao, akanitazama, akauliza kama ni saa. Nikamwambia ni mchezo. Akasema sawa, kwa ile sauti ya mtu anayeahirisha maneno, akaenda kwa mama yake. Nikakaa kwenye kiti, masikio yamesimama. Alipotoka nikamwuliza, kama mtu asiyejali, chumba cha mama kikoje.

"Kikoje vipi?"

"Kiko sawa?"

"Kiko sawa. Mama katundika kitenge ukutani, hata sijui kakitundika kwenye nini."

Nikakubali kwa kichwa. Nilijua kimetundikwa kwenye nini. Na nikajua jingine, kwamba mama yule hakutundika kitenge kwa kupenda. Alimficha mwanawe asikione kile chuma juu ya kichwa, na mimba ile tumboni. Mimi nimefunika upande wangu, yeye kafunika wake, na katikati yetu Modesta anapita akiuliza nani kachukua kijiko kikubwa.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, Shabani akafika na wenzake wawili. Nilijaribu kuwarudisha. Nikasema naumwa kichwa. Shabani akasema kichwa hakirushi vishale. Nikasema ubao haujakaa vizuri. Akausogeza kwa mkono, msumari ukalia ndani ya ukuta. Kueleza ukweli sikuweza. Neno ukilisema stesheni jioni, asubuhi limefika Kaliua kabla ya treni.

Wakaanza. Kila kishale kilipogonga, du, niliusikia udongo ukichuruzika upande wa pili. Walikuwa wanapiga kelele kama ilivyo kwenye mchezo, lenga kati, umemkosa, mpige tena. Wewe fikiri maneno hayo yanavyosikika kwa mtu aliyekaa nyuma ya ukuta. Nikawa nacheka nao kwa meno tu. Zamu yangu ilipofika nilirusha taratibu mno, kishale hakikufika ubaoni, na Shabani akasema mwenye nyumba anabania hata vishale.

Katikati ya kicheko hicho nikasikia kikohozi kutoka chumba cha uani. Mara moja tu. Hakikuwa cha mafua.

Asubuhi Modesta aliniamsha. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, mikono juu ya tumbo.

"Mama anafunga mzigo," akasema. "Ameuliza lori la Mpimbwe linaondoka lini. Anasema kesho, na niende naye, nikajifungulie nyumbani."

"Kasema kwa nini?"

"Hataki kusema. Ulimfanya nini?"

Nikasema sijui. Hilo nalo niliongeza juu ya mengine.

Ujue barabara ya Mpimbwe wakati wa masika miaka ile. Lori lilikuwa linaweza kulala kwenye tope, abiria wakalala juu ya magunia, na pande zote pori na wanyama wake. Mwanamke aliyekaribia kujifungua, aliyekwisha kupoteza mimba moja, anarushwarushwa humo. Na nikikataa asiende, mama anaondoka peke yake na Modesta anabaki bila mtu, amekosana na mama yake kwa ajili yangu. Niligeuza kila upande, kila upande ulikuwa na ncha.

Nikachukua baiskeli nikaenda Magamba kwa mshenga wangu, Mzee Gaspari. Yeye ndiye aliyenipelekea posa kwa kina Modesta, na mambo ya ukweni yakiharibika mtu unarudi kwa mshenga, kama unavyorudi dukani na bidhaa yenye kasoro. Nilimkuta shambani anapalilia mahindi. Nikamweleza yote, msumari, inchi, tofali, kitenge, Shabani. Nilieleza hesabu vizuri sana. Alinisikiliza huku anapalilia mpaka nikamaliza.

"Ulisikia maharage yamekoma?" akaniuliza.

Nikasema nilisikia.

"Ukafanya nini?"

"Nikapima tofali."

Akaweka jembe chini. "Umemtolea mtu chuma juu ya kichwa, wewe unapima tofali."

Nikataka kusema kwamba sikuwa na njia, kwamba heshima ya ukwe imenifunga mdomo. Hakunipa nafasi. Akasema heshima ile haikuwekwa ili watu wafiche makosa nyuma yake.

"Nyie hamzungumzi uso kwa uso," akasema. "Kwa hiyo kila mnachofanya ni maneno. Msumari umemwambia neno. Ukaning'iniza mzigo juu yake, neno la pili. Jioni ukaleta wanaume waupige ule ukuta wakicheka. Mwenzio amekaa kule anajumlisha. Wewe tu ndiye ambaye bado hujasema."

Nikamwomba twende wote akaniombee radhi. Akakataa. Akasema kazi yake ilikuwa kunisemea nilipokuwa sina nyumba, na sasa ninayo. "Na ukuta wenyewe umeujenga kwa ubahili," akasema, "sauti itapita. Nenda na kuku wa kuombea radhi, usimame upande wako, useme. Na akitaja anachotaka, nakuomba sana, usipunguze."

Nikarudi na jogoo kwenye baiskeli, nimemfunga miguu, na njia nzima napanga maneno. Niliyapanga mazuri. Nilipofika sebuleni yalikuwa yameniishia yote. Nikauteremsha ubao nikauegemeza chini. Nikasimama mbele ya kichwa cha msumari kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Mama," nikasema ukutani. "Ni mimi. Msumari ni wangu. Niligonga bila kupiga hodi, bila kupima, ukakutokea. Nikajua palepale, nikanyamaza. Jana nikaruhusu watu wacheze. Nimekosa. Pole sana, mama."

Kisha nikasikia akimwita Modesta aliyekuwa jikoni. Modesta akaja akasimama uani kwenye mlango wa chumba kile, mahali ambapo mimi kupitia dirisha la uani nilimwona, na mama yake ndani alimwona. Mama hakusema nami. Alisema na mwanawe, kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie mwenzio," akasema, "kwamba niliusikia msumari unakuja. Nikasogea. Ulipotokeza nikasema huyu kijana sasa ataniambia pole. Nikaacha kuchambua ili nimsikie vizuri."

Modesta akanigeukia na kuanza kunirudishia maneno yale, kama desturi inavyotaka, ingawa nilikuwa nimeyasikia yote. Alipofika kwenye msumari akasimama. Akaingia chumbani. Nikasikia kitenge kikivutwa. Alipotoka macho yake yalikuwa yamejaa.

"Kumbe nyie wawili mnanificha," akasema. "Mmoja kule, mmoja huku. Mimi nimelala chini ya kitu kile usiku kucha, kwa sababu mgongo uliniuma nikaenda kulala kwa mama."

Hilo nilikuwa sijalijua.

Mama akaendelea, polepole, kama mtu anayetoa mzigo begani. Alisema alipongoja pole na asiisikie, akasikia mtu anatundika kitu kizito juu ya ule msumari, akajua basi ni kweli. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe kwa mdomo kwamba chumba chake anakihitaji, kwa hiyo anamwambia kwa nyundo. Alisema hakukasirika. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba, na yeye hakuzaliwa jana. Aliona tu kwamba mahali asipotakiwa mama, mwanawe naye hapamfai kuzalia.

Mwanangu, nimebishana na warina asali, na wachukuzi, na makarani wa mizigo, lakini siku ile sikuwa na la kuongeza wala la kupunguza. Nilisema hapana tu. Nikasema hapana mara nyingi, mpaka sauti ikawa ya aibu. Nikasema kama yuko mtu ninayemtaka ndani ya nyumba hii ni yeye, na kwamba tangu aje ndipo tumelala.

Halafu akamwambia Modesta, "Kuku nimemsikia. Kuku ni wa desturi, huyo atamleta bila kuulizwa. Mimi nina langu. Asiende porini kwenye asali mpaka mtoto atoke. Awepo hapa, na baiskeli yake."

Msimu wa asali ulikuwa umenifika mlangoni. Watu wangu walikuwa wananingoja, na wanunuzi wengine hawalali. Mdomo wangu, kwa mazoea yake mabaya, ukaanza wenyewe. "Mpaka mwisho wa wiki hii naweza..."

Modesta akanitazama kupitia dirishani. Nikamkumbuka Mzee Gaspari. Nikasema nitakuwepo mpaka mtoto atoke.

Mama hakusema anabaki, hakusema anaondoka. Jioni ile nikaung'oa msumari, na Modesta akiwa upande wa pili tukaziba tundu kwa udongo, yeye kwake, mimi kwangu. Mzigo ulikuwa bado umefungwa, Modesta aliniambia, uko mlangoni. Sikumwomba amwulize. Nilikuwa nimeshagonga ya kutosha.

Asubuhi lori la Mpimbwe likapiga honi kule sokoni, kama lilivyozoea, kuwaita abiria. Nilikuwa nimekaa sebuleni na kikombe cha chai iliyopoa. Nikausikia mlango wa chumba cha uani unafunguliwa. Nikasikia ndala. Honi ikapigwa tena, ndefu. Ndala zikasimama kidogo, pengine anafunga kitenge vizuri, pengine anaangalia mawingu, sikujua, nami sikuthubutu kuchungulia. Kisha nikasikia kuni zinavunjwa jikoni. Baada ya muda Modesta akaingia akaniuliza, mama anataka kujua kama chumvi ipo, au akaazime kwa jirani.

Nikasema nitaleta. Nilikwenda dukani nusu nakimbia. Sikuuliza bei.

Ubao niliupeleka barazani, kwenye nguzo, unakotazama barabara na hakuna mtu nyuma yake. Shabani alilalamika kwamba upepo unapotosha vishale. Nikamwambia arushe kwa nguvu.

Uchungu ulimshika Modesta alfajiri moja ya mvua, siku kadhaa baadaye. Mama alikaa naye muda, halafu akamwambia, kwa sauti ya kunifikia, neno moja, hospitali. Aliona jambo ambalo mikono yake mwenyewe haikulikubali, na hakuona aibu kulisema. Nilimkalisha Modesta kwenye baiskeli nikaisukuma kwenye maji, mama anatufuata nyuma, kitenge usoni na mkono mmoja mgongoni kwa mwanawe. Sikugeuka kumtazama, lakini niliisikia sauti yake njia nzima, anamhesabia pumzi. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni. Mkunga alituambia baadaye kwamba tungechelewa kidogo tu tungeondoka na maneno mengine. Nami nilikaa kwenye benchi la hospitali nikiwaza lori la Mpimbwe, mahali fulani porini, magurudumu yanazunguka kwenye tope. Nilitetemeka mpaka mtu mmoja akanipa koti lake akidhani ni baridi.

Mtoto alikuwa wa kike. Ni shangazi yako yule unayemwogopa.

Sasa shika ninachokwambia. Nyumba ni yako, hati unayo, hakuna atakayekuja kupitisha kiganja ukutani. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mpangaji huwa anajua kwamba nyuma ya ukuta kuna watu, kwa sababu anakatazwa kila siku. Mwenye nyumba anasahau, kwa sababu hakuna wa kumkataza. Kabla hujapigilia kitu chochote, zunguka kwanza uende upande wa pili, uone nani kakaa huko na kalaza wapi kichwa chake. Na sisemi misumari tu. Redio unayofungulia, wageni unaowaleta, maamuzi unayopitisha ukiwa sebuleni na kifua mbele, vyote vina upande wa pili.

Na ukikosea, maana utakosea, sema palepale. Usipime kwanza kosa lina inchi ngapi. Mimi nilipata nafasi ya kusema neno jepesi wakati punje zilipokoma, nikaona nibane, na siku iliyofuata neno hilohilo nililinunua kwa hofu ambayo sitaisahau. Mtu uliyemkosea huwa anangoja kidogo kabla ya kukukasirikia. Hapo ndipo mahali pa kuzungumza. Na heshima unayomwekea mkubwa wako isiwe pazia la kujifichia. Ipo njia ya kusema na kila mtu, hata usiyeruhusiwa kumtazama usoni. Itafute.

Mungu akupe nyumba yenye watu wa kutosha kukuudhi kidogo kila siku. Wanaolala humo waamke, wanaosafiri warudi, na watakaozaliwa humo walie kwa sauti kubwa siku ya kwanza. Mkeo akuone wewe ni mtu wa kutegemewa. Wakwe zako waje bila kuogopa na waondoke wakiwa wamekawia kuliko walivyopanga. Na mimi uniwekee mahali pa kulala, nitakuja kabla masika hayajaisha.